"Sistimu Imekukataa": Maswali Mnayoniuliza Kuhusu Programu Yetu ya Kufuatilia Hitilafu

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Kwa wasionijua, mimi ni mmoja wa wale vijana wa kituo cha kompyuta, na kwa miaka miwili sasa nasimamia programu yetu ya kufuatilia hitilafu. Ni kazi ya kujitolea. Wengi mnapita pale mlangoni mnauliza maswali yaleyale, wafanyakazi wa mashirika nao wanauliza yaleyale, basi leo nayajibu yote hapa.

Najua jambo hili haliwezi kushindana na habari za mpira. Lakini vumilieni kidogo, juu linagusa jina lako kwenye orodha, na mkimbizi hahitaji kufundishwa uzito wa jina kwenye orodha.

Swali la kwanza: hiyo programu ni kitu gani hasa?

Ni daftari la matatizo lenye namba. Basi. Mtu akiona programu ya simu au ya kompyuta inakosea, anaandika taarifa. Taarifa inapewa namba, na namba hiyo haibadiliki wala hapewi mwingine. Kuanzia hapo kila kinachofanyika kinaandikwa chini yake: nani ameisoma, nani amepewa kuirekebisha, alisema nini, siku gani, na iliishaje. Sisi tunatumia MantisBT, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Kenzaburo Ito. Ni ya bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na hata kuibadilisha. Iko na dada yake mkubwa anaitwa Bugzilla, aliyezaliwa 1998 kwa ajili ya mradi wa Mozilla, wale wa Firefox.

Na kwa nini majina ya wadudu? Kwa Kiingereza hitilafu ya programu inaitwa mdudu. Mafundi walikuwa wakisema hivyo zamani kabla ya kompyuta. Thomas Edison aliandika hivyo kwenye barua mwaka 1878. Halafu mwaka 1947, kwenye kompyuta moja kubwa ya Chuo Kikuu cha Harvard, mafundi walikuta nondo wa kweli amenasa ndani ya mashine. Wakambandika kwenye daftari lao la kazi kwa utepe wa kunata, na daftari hilo limehifadhiwa makumbusho hadi leo. Na mantis ni yule tunayemwita vunjajungu, anayetulia kwenye jani kama anasali, kumbe anangoja wadudu.

Swali la pili: kwa nini tusiandike tu kwenye grupu la WhatsApp?

Juu WhatsApp inasahau. Si kwamba ujumbe unafutika, hapana. Unazikwa. Asubuhi umeandika "programu ya kujiandikisha haifunguki", mchana watu wameweka matangazo ya mazishi, picha za harusi, bei ya mahindi, na jioni ujumbe wako uko chini ya mia mbili. Aliyeuona alifikiri mwingine atajibu. Mwezi ukiisha hakuna anayeweza kusema ni watu wangapi walilalamika, kuhusu nini, na nani alijibiwa.

Sisi tulianza kwa laptopu moja ya zamani pale kituoni. Mtu alikuwa anaunganisha simu yake na Wi-Fi ya kituo, anaandika taarifa bila kununua bando. Baadaye tuliihamishia kwenye seva ya kukodi ili watengenezaji walio mbali nao waione. Kama kikundi chenu kina laptopu moja tu, inatosha kuanza.

Swali la tatu: naandika nini ili nisikilizwe?

Hapa ndipo wengi wanakwama. Taarifa nyingi zinakuja hivi: "App yenu mbaya, haifanyi kazi." Nakuelewa ndugu, lakini fundi aliye mbali hawezi kufanya kitu na maneno hayo. Fundi anahitaji mambo matatu. Ulifanya nini, hatua kwa hatua? Ulitegemea nini kitokee? Kikatokea nini badala yake? Ongeza aina ya simu, na toleo la programu kama unaliona.

Mfano: "Nilifungua fomu. Niliandika jina, tarehe ya kuzaliwa, kozi ya ushonaji. Nilibonyeza Tuma. Nilitegemea kupata namba ya usajili. Badala yake ukurasa ukarudi mweupe na majibu yote yamefutika. Nimejaribu mara tatu, mara zote ni hivyo." Hiyo ni taarifa ya mtu mzima. Na hayo maneno ya mwisho, mara tatu zote, yana thamani kubwa. Mantis ina sehemu yake kabisa: hitilafu inatokea kila mara, au mara nyingine, au hujajaribu tena? Fundi akijua inatokea kila mara anajua ataiona na yeye. Asipoiona, hawezi kuirekebisha.

Usiogope Kiswahili chako. Andika kama unavyomweleza mama nyumbani. Sisi wasimamizi tutatafsiri.

Swali la nne: ukali na kipaumbele si kitu kimoja?

Hapana. Ukali ni kiasi gani kitu kimeharibika. Kipaumbele ni kitarekebishwa lini. Programu inaweza kuzimika kabisa kwenye simu ya aina moja ambayo watu wawili tu wanayo: ukali ni mkubwa, kipaumbele labda si kikubwa. Na herufi moja tu inaweza kukosewa kwenye namba ya simu ya dharura: kwa fundi ni kosa dogo la maandishi, lakini mtu anaweza kupiga namba hiyo usiku akiwa na mgonjwa na asipate mtu. Hiyo inarekebishwa leo.

Kwa hiyo sisi tulikubaliana: mtoa taarifa anaandika ukali, juu yeye ndiye aliyeona. Kipaumbele kinawekwa kwenye kikao cha Ijumaa, watu wanne, na mmoja wao lazima asiwe mtu wa kompyuta. Tukiwaachia watu wa kompyuta peke yao watachagua matatizo yenye utamu wa kutatua.

Swali la tano: "nakala" maana yake nini, na kwa nini taarifa yangu imewekwa hivyo?

Hapa niruhusuni nieleze kisa chenyewe, juu ndicho kilichotufanya tuiheshimu hii programu.

Mshirika mmoja alileta programu ya kuandikisha vijana kwenye kozi: ushonaji, Kiingereza, kompyuta. Ili mtu asijiandikishe mara mbili, programu ililinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa. Vikifanana vyote viwili, ilimbakiza wa kwanza, wa pili ikamhesabu kuwa nakala na kumwondoa. Haikumwambia kitu.

Mtu aliyekaa mjini anaona hiyo ni akili. Lakini nyie mnajua. Wangapi kati yetu tumeandikwa tumezaliwa tarehe 1 Januari? Ukifika mpakani hujui tarehe yako, au cheti kimeungua na nyumba, karani anaandika mwaka unaokadiriwa na 1 Januari. Halafu majina yetu: kina Furaha, kina Bahati, kina Niyonzima. Watu wawili wenye jina moja, mwaka mmoja, 1 Januari, hapa si ajabu.

Dada mmoja Mrundi alijiandikisha kozi ya ushonaji. Orodha ikatoka, hayumo. Akaenda kuuliza, akaambiwa "sistimu imekukataa". Akajiandikisha tena. Akakataliwa tena. Hakugombana na mtu. Alirudi nyumbani akijua kwamba kuna mahali fulani mtu ameamua hafai. Alikuja kituoni kwetu kwa jambo lingine kabisa, kuchaji simu, na katika mazungumzo akasema hilo neno: sistimu imekukataa. Mwenzangu akamwambia, "Dada, sistimu haimkatai mtu. Sistimu inafuata ilichoambiwa. Kaa hapa tuandike."

Tukaandika. Mtengenezaji alisoma, akajaribu kwake, akajibu kwamba haikuweza kurudiwa, yaani yeye hajaiona. Hakuwa anadanganya. Watu wake wa majaribio, aliowaandika mwenyewe, kila mmoja alikuwa na tarehe yake ya kuzaliwa. Tukaifungua upya ile taarifa, tukaandika hatua: andikisha mtu anaitwa Jaribio Bahati, amezaliwa 1 Januari 2002, andikisha mwingine, jina hilohilo, tarehe hiyohiyo, namba ya simu tofauti, kijiji tofauti, angalia orodha. Kesho yake jibu lilikuja: ameiona. Programu ikabadilishwa. Siku hizi vikifanana haimwondoi mtu, inamwonyesha karani, na karani anamuuliza mtu mwenyewe.

Sasa turudi kwenye swali. Taarifa ya hitilafu nayo inaweza kuwa nakala, maana yake mwenzako aliandika tatizo hilohilo kabla yako. Lakini sisi hatufuti nakala. Tunaiunganisha na ile ya kwanza, na wewe unaendelea kupata habari zake. Nakala kumi zinatuambia tatizo limewapata watu kumi. Na kabla ya kuunganisha tunasoma mpaka mwisho, juu malalamiko mawili yanaweza kufanana usoni na kuwa na chanzo tofauti. Watu hivyo hivyo.

Swali la sita: kwa nini imeandikwa "imetatuliwa" na kwangu bado?

Kwenye Mantis taarifa inapita hatua: mpya, inasubiri maelezo, imepokelewa, imethibitishwa, imekabidhiwa, imetatuliwa, imefungwa. Imetatuliwa na imefungwa ni vitu viwili. Imetatuliwa ni neno la fundi: nimemaliza upande wangu. Imefungwa inapaswa kuja baada ya mtu mwingine kuthibitisha. Huenda fundi amemaliza, lakini simu yako bado ina toleo la zamani. Sasisha, jaribu tena. Ikiwa bado, ifungue upya. Kufungua upya si utovu wa adabu.

Sheria yetu ni moja: aliyerekebisha hafungi. Anafunga aliyelalamika, au sisi baada ya kumpigia simu. Wafanyakazi wa mashirika, naomba hapa msimame kidogo. Wengi wetu tumeishi na mafaili "yaliyofungwa" bila sisi kujua yalifungwa lini na nani. Ndiyo maana kijana akiona neno hilo kwenye skrini roho inashtuka.

Na kuna jibu lingine ambalo watu hawalipendi: haitarekebishwa. Mimi nalipenda, likiwa na sababu. "Haitarekebishwa, juu simu za aina hiyo haziwezi kubeba toleo jipya, tumieni ukurasa wa intaneti badala yake." Mtu atakasirika dakika tano, kisha atafanya mpango mwingine. Kimya ndicho kinachomkalisha mtu mwaka mzima akingoja.

Swali la saba: nani anaona ninachoandika?

Hili ndilo swali ninalotaka muulize zaidi. Taarifa inaweza kuwa ya wazi, yaani kila mwenye akaunti anaisoma, au ya faragha, inayosomwa na waliopewa ruhusa tu. Picha ya skrini ni msaada mkubwa kwa fundi, lakini angalia kilichomo: jina kamili, namba ya kadi, namba ya simu, sura ya mtoto, kijiji mnachoishi. Kuna watu hapa wamekimbia mtu, si vita tu. Picha moja inaweza kumwonyesha huyo mtu njia.

Kwa hiyo: ziba majina kabla ya kutuma. Tumia jina la majaribio kama ule mfano wa Jaribio Bahati. Kama tatizo haliwezi kuelezwa bila taarifa za mtu, weka faragha. Sisi tumepanga kila taarifa mpya izaliwe ya faragha, halafu msimamizi anaisoma na kuifanya wazi ikiwa salama. Inatuongezea kazi, sawa tu. Na kama ni jambo la ulinzi, mtu amepigwa au ametishiwa, usiliandike humo hata kidogo. Nenda kwa mtu wa ulinzi. Hiyo si hitilafu ya programu.

Swali la nane, la wanaotaka kusimamia: nianze wapi?

Ukimaliza kuiweka, Mantis inakupa akaunti ya kwanza ya msimamizi yenye jina na neno la siri ambalo dunia nzima inalijua, juu limeandikwa kwenye maelekezo. Libadilishe siku hiyohiyo, kabla ya chai. Kisha futa lile folda la usakinishaji linaloitwa admin. Kazi yake imeisha, na likibaki ni mlango wazi.

Halafu ngazi za ruhusa. Kuna mtazamaji, mtoa taarifa, msasishaji, mtengenezaji, meneja na msimamizi mkuu. Usimpe mtu ngazi juu ni rafiki yako. Mpe ile inayotosha kazi yake. Wengi wanatosha kuwa watoa taarifa.

Barua pepe inasumbua wengi. Kwa kawaida mtu mpya anatumiwa kiungo kwa barua pepe ili aweke neno lake la siri. Kama seva haijapangiwa barua pepe, kiungo hakifiki, mtu anabaki nje. Na vijana wengi hapa hawafungui barua pepe hata mara moja kwa mwezi. Unaweza kuzima utaratibu huo kwenye faili la mpangilio, msimamizi akaweka neno la siri la kwanza, mtu akalibadilisha mwenyewe akiingia.

Nakala ya akiba: kila Jumapili tunanakili hifadhidata nzima pamoja na faili la mpangilio kwenye flashi mbili, kila moja inalala nyumba tofauti. Kama hukubadilisha mpangilio, picha na viambatisho vinakaa ndani ya hifadhidata, kwa hiyo vinaenda pamoja. Na mara moja moja jaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni tumaini tu.

La mwisho kwenye usimamizi ni letu sisi hasa. Watu wanaondoka. Mmoja anapata safari ya kwenda Kanada, mwingine anarudi nyumbani, mwingine anahamia Kampala kutafuta maisha, na hakuna anayekupa notisi ya mwezi. Kwa hiyo wasimamizi wakuu wasipungue wawili, na wasiwe wa familia moja, juu familia inasafiri pamoja. Mtu akiondoka, zima akaunti yake, usiifute. Ukiifuta, jina lake linapotea kwenye kazi zote alizofanya na inabaki namba tupu. Alifanya kazi hapa. Jina libaki.

Mnauliza yule dada aliishaje. Hitilafu ilirekebishwa, lakini kozi ilikuwa imeshaanza na nafasi zimejaa. Kwenye orodha yetu iliandikwa imetatuliwa, na yeye alikuwa bado nyumbani. Hapo tuliona kwamba kila hitilafu iliyomgusa mtu inahitaji marekebisho mawili: la programu na la mtu. Siku hizi tunafungua taarifa mbili na kuziunganisha. Ya kwanza inakwenda kwa fundi. Ya pili inakwenda kwa mwenye kozi, inasema: watu hawa waliondolewa kimakosa, wapewe nafasi ya kwanza zamu ijayo. Ya pili haifungwi mpaka wakae darasani. Ya huyo dada ilikaa wazi miezi minne, na kila Ijumaa tuliisoma kwa sauti kikaoni, hata kama hakuna jipya. Sasa anashona. Lakini miezi minne ile hakuna programu iliyomrudishia.

Kwa vikundi ambavyo havina kompyuta, wala msingoje mfadhili. Nunueni kaunta buku moja, pigeni mistari ya safu sita: namba, tarehe, tatizo, nani amepewa, limefikia wapi, nani amethibitisha limeisha. Jina la mlalamikaji liwekeni kwenye daftari lingine, lifungiwe. Bomba la maji, taa ya sola, choo cha shule, vyote vinaingia. Mtu akija kulalamika mpe karatasi yenye namba yake. Na akirudi wiki ijayo, muulize namba kwanza, halafu fungua ukurasa mbele yake, asome mwenyewe.